Bango la Kamanda

Bango lilisimama kwenye mzunguko wa barabara asubuhi moja tu. Kufikia mchana polisi walikuwa wameling'oa. Lakini mji mzima ulikuwa umekwisha kuliona: Kamanda wa polisi wa manispaa, bila kofia wala nyota mabegani, amevaa suti ya kijivu na tai, anatabasamu kama bwana harusi. Chini ya picha hapakutajwa uchaguzi wala chama. Paliandikwa neno moja: TUNAKUSUBIRI.

Minong'ono ilikuwa imeanza zamani kwamba Kamanda anautaka umeya. Kinyozi alisema siku hizi anahudhuria misiba ya watu asiowajua. Muuza mkaa alisema hata kufoka amepunguza. "Askari akianza kubeba watoto wa watu," alisema, "jua anatafuta kura za mama zao." Watu wakacheka. Lakini mwenye sare haruhusiwi kugusa siasa, na Kamanda hakuwa amejiuzulu. Kwa hiyo bango lilipoonekana, ilibidi apatikane mwenye kosa, tena haraka.

Alipatikana Fundi Cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na karakana yake ilitazamana na ule mzunguko. Fremu ya chuma ilikuwa kazi ya mikono yake, hakukana. Alisema tu kwamba aliyemwagiza ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi anayeitwa Sementi, rafiki wa Kamanda wa kula sahani moja. Askari aliyekuwa akiandika maelezo akaweka kalamu chini.

"Jina hilo," alisema, "sijalisikia."

Cheche alikuwa na dada mmoja, mkubwa wake, aliyebaki kuwa mama tangu mama yao alipofariki. Watu walimwita Dada Pasi, kwa sababu alifua na kunyoosha sare za askari wa kituo hicho. Mikunjo ya suruali ya Kamanda, ile iliyosimama kama makali ya kisu, ilikuwa kazi yake. Kila alipowasha pasi alisali kwanza, na hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Lakini tangu mdogo wake awekwe mahabusu, sala zilikuwa zinamkatikia katikati. Cheche alikuwa na pumu. Chumba kilikuwa na kidirisha cha upana wa kitabu, na watu walilala kwa zamu. Alipopeleka sare alimsikia akikohoa nyuma ya ukuta.

Asubuhi moja askari wa zamu alimvuta pembeni. "Dada, leo jioni karandinga linawapeleka gereza kuu. Ni mbali, na kwa kifua kile... Mwenye kutoa dhamana ni Kamanda peke yake. Mwahi."

Akaenda kwanza dukani kwa Sementi.

"Kaka yangu, waambie polisi ukweli. Kazi ile mdogo wangu ulimpa wewe."

"Kazi gani? Dada Pasi, usinichome, mimi si shati." Sementi alicheka peke yake, kisha akachungulia mlangoni na kushusha sauti. "Sikiliza. Nikijitaja mimi, nimemtaja yeye. Umenielewa? Lakini njia ipo. Nenda kamwombe mwenyewe. Ila usimwite Afande. Afande anaitwa kila siku, amechoka. Mwite Mheshimiwa."

"Kweli?"

"Sisi tukikaa naye ndivyo tunavyomwita. Jina hilo linamlainisha kuliko sabuni yako."

Dada Pasi akaondoka na sare za Kamanda mkononi, akimwomba Mungu ampe maneno. Alimkuta uani mwa kituo, askari wamejipanga, naye amesimama na mzee mwembamba aliyevaa nguo za kiraia. Alidhani ni mgeni wa kawaida. Hakujua kwamba ni mkaguzi aliyetumwa na makao makuu kuja kuuliza habari za lile bango.

Akapiga magoti mavumbini.

"Mheshimiwa!" alisema, na uwanja wote ukasikia. "Mheshimiwa, nakuomba kwa jina la Mungu, mdogo wangu hapumui vizuri..."

Askari mmoja akajikohoza kuficha kicheko. Mzee mwembamba akageuka polepole.

"Mheshimiwa ni nani hapa?"

Akamsogelea Dada Pasi.

"Mama, huyu unamwita Mheshimiwa tangu lini?"

Dada Pasi aliuona uso wa Kamanda, akaelewa alichokifanya. "Nimekosea, mzee wangu. Ni ulimi tu."

"Ulimi hautelezi kwenye jina usilolizoea," alisema mkaguzi.

Kamanda alicheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mama huyu ana uchungu wa ndugu yake, afande. Niruhusu nimtulize." Akamshika kiwiko, akamwingiza ofisini, akafunga mlango.

Dada Pasi alitegemea kofi. Badala yake Kamanda alimvutia kiti.

"Umeniua, dada," alisema kwa sauti ya chini, akijifuta jasho. "Unajua kwamba umeniua? Sasa utanifufua wewe mwenyewe. Mdogo wako amwambie mzee yule kwamba kazi ya bango aliletewa na dereva wa Meya. Kwamba Meya alitaka kunichafua kwa wakubwa wangu. Akisema hivyo, leo analala kwake. Asiposema, karandinga hilo hapo nje."

"Dereva hajui lolote, afande."

"Nani amekuuliza anajua nini?"

Dereva wa Meya alikuwa jirani yao. Siku mama yao alipozidiwa, ndiye aliyembeba hadi hospitali kwa gari la Meya, bila ruhusa, akaponea chupuchupu kufukuzwa kazi.

Walimruhusu kusimama kwenye mlango wa mahabusu. Cheche alikuja akijishikilia kwenye nondo. Midomo ilikuwa imepauka.

"Dada, umekula?"

Alimweleza lililomleta, maneno yakitoka moja moja. Cheche alikusanya pumzi.

"Dereva yupi? Yule aliyembeba mama?"

"Huyo."

"Hapana."

"Utakufa njiani, mdogo wangu."

"Basi watanizika... na wasindikizaji wa serikali." Alijaribu kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Dada, wewe si ndiye uliyenichapa kwa kudanganya habari ya sukari? Leo unataka nimzushie mtu mzima?"

"Nisamehe. Sema tu."

"Sisemi."

Nje waliwasha karandinga. Moshi wake uliingia kwenye ujia, na wote mle ndani wakaanza kukohoa, lakini Dada Pasi alikisikia kikohozi kimoja tu. Akaweka paji la uso ukutani. "Mungu wangu," alisema. Akangoja maneno mengine yafuate kama yalivyofuata maisha yake yote. Hayakuja. Akageuka, akatembea moja kwa moja hadi alipokaa mkaguzi.

"Mzee wangu, mdogo wangu anaogopa kusema. Mimi nilimwona. Dereva wa Meya ndiye aliyeleta kazi ile karakanani, kwa gari la manispaa."

Mkaguzi alimtazama sana.

"Unaweza kuapa?"

"Naapa."

Nyuma ya mkaguzi, Kamanda alimwinamishia kichwa taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeomba kura.

Jua lilikuwa bado juu walipotoka getini. Dada Pasi alimshika mdogo wake mkono, kwa sababu kila baada ya nguzo moja ya umeme ilibidi apumzike.

"Umewaambia nini?" Cheche aliuliza.

"Nimewaomba."

"Juzi uliwaomba, jana uliwaomba. Leo umewapa nini?"

"Tembea polepole, usijichoshe."

Njia ya nyumbani ilipita mbele ya nyumba ya dereva. Mkewe alikuwa akisugua sufuria nje. Alipowaona aliitupa, akaja mbio na mikono yenye povu.

"Ametoka! Jamani, ametoka! Baba watoto, njoo umwone!" Akamkumbatia Dada Pasi hadi kitambaa kikamvuka kichwani. "Shoga yangu, tumewaombea, mimi na mume wangu, mpaka magoti yamechubuka. Mungu hamtupi mja wake."

Dereva akatoka na taulo begani, nusu ya kidevu ina sabuni ya kunyolea.

"Fundi! Nilisema mimi, mtu hafungwi kwa kuunga chuma. Ingieni, kuna chai."

"Asante," alisema Dada Pasi. "Tutakuja siku nyingine."

Kwenye kona ya barabara ulisikika mlio wa gari. Dada Pasi aliujua kabla halijatokeza. Lilikuwa gari la kituo. Hakugeuza shingo. Alimtazama yule mwanamke aliyekuwa bado anacheka, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

Cheche aliyaona machozi. Akaliona gari. Akautoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa dada yake, akavuka ua akihema, akaenda kusimama kando ya dereva.