Sanduku la Nyuma

Fundi wa pikipiki alimwonya mume wa dada yake hata akachoka. "Shemeji, upepo wa ubavuni haupigi hodi. Darajani punguza mwendo, legeza mikono, ulalie upande upepo unakotoka." Shemeji, msambazaji wa vifurushi, alicheka tu. Kwa hiyo msibani, watu waliponong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa, fundi ndiye aliyelisema neno hilo kwa sauti, mbele ya dada yake mjane.

Ndipo akaja dereva wa lori aliyekuwa nyuma ya marehemu darajani.

"Alikuwa mbio, sikatai," alisema, "lakini upepo aliulalia vizuri kabisa. Kilichomponza ni lile sanduku la mizigo, refu kama kabati. Lilidaka upepo kama tanga, likamsukuma yeye na pikipiki yake hadi kwenye ukingo. Lingeng'oka tu, angepona."

Dada mtu akamgeukia kaka yake. Sanduku lile alilifunga fundi mwenyewe, kwa bolti nne. Alipomaliza alilipiga kofi, akatamba, "Hili haling'oki hata kwa kimbunga!"

Na kweli, halikung'oka.