Pipa Lisilo na Mkaa

Kichujio alichotengeneza binti yangu Tegan kilisafisha maji, lakini si kwa sababu aliyoiandika kwenye tasnifu yake. Aligundua hilo wiki mbili kabla ya kuikabidhi, na kampuni ilikuwa imeshamwahidi kazi kwa sababu ya kichujio hicho hicho.

Tegan alikuwa mwaka wa tano chuoni, Adelaide, akisomea shahada mbili kwa mkupuo, ya uhandisi na ya sayansi. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano nikaenda kuchomelea mageti, na kwa muda mrefu niliona shahada mbili ni sawa na kununua matrekta mawili ya kulima shamba moja. Kwenye kilabu chetu cha mpira walikuwa wakinitania, eti mtoto wako ameshindwa kuchagua? Niliwajibu kwamba ana akili za kutosha zote mbili, na wao waende nyumbani wakaangalie kama wanao wana za kutosha hata moja.

Siku moja nilimwuliza mwenyewe tofauti ni nini. Akasema, "Uhandisi unaniuliza, kinafanya kazi? Sayansi inaniuliza, unajuaje?" Nikamwambia hilo la pili lingenifukuzisha kazi.

Kichujio kilianzia kwa Clarrie, jirani yetu mfuga kondoo. Maji ya kisima chake yana chuma. Yanatoka ardhini meupe, yakikaa yanageuka rangi ya kutu, yanaziba mabomba, na kondoo wanayanywa kwa kununa. Tegan alichora pipa refu. Maji yanaingia juu kupitia bomba lenye matundu, yanashuka katikati ya mkaa, yanatokea chini. Mimi nilichomelea pipa na kuchoma mkaa wa mizizi ya miti yetu ya mallee. Maji yalitoka safi kabisa. Clarrie alikunywa glasi nzima mbele za watu, akasema yakimwua, mbwa wake nipewe mimi.

Habari zikafika kwa kampuni moja ya vifaa vya mashamba. Mkubwa wao akaja mpaka karakanani kwangu, akazunguka pipa mara mbili, akamwambia Tegan aanze kazi Januari akishamaliza tasnifu. Wao wangetengeneza vichujio vya mkaa na yeye angevisimamia. Nilikwenda kilabuni nikawanunulia bia hata wale waliokuwa wakinitania.

Ndipo akaniomba nichomelee pipa la pili, sawa na lile, ila lisiwe na mkaa.

Nilimwambia hakuna mtu anayepima pipa tupu. Akasema Dakta Ranatunga, msimamizi wake wa upande wa kemia, ataanza na swali la pipa tupu, na kwamba yeye mwenyewe angepaswa kulipima tangu mwanzo. Dakta Sprague, msimamizi wa upande wa uhandisi, alidhani watu wa kemia wameshamdai kipimo hicho. Dakta Ranatunga alidhani kimefanyika kwa wahandisi. Tegan mwenyewe, kila akikaa na hawa alikuwa mtu wa hawa, akienda kwa wale anakuwa mtu wa wale, na kipimo kikaanguka katikati. Wanaosoma kitu kimoja kosa hilo hawalipati, maana hawana katikati.

Pipa tupu likatoa maji safi. Alipima tena na tena, na kila mara tofauti na lile la mkaa ilikuwa ndogo mno. Akakaa juu ya ndoo na kunieleza. Maji yakidondoka kupitia yale matundu yanapata hewa, chuma kinageuka kutu, kutu inazama chini. Basi. Mkaa ulikuwa umekaa tu mle ndani kama abiria.

Dakta Sprague alimwambia kwa simu kwamba mtambo umefikia lengo, akabidhi, na hilo la pipa tupu aliandike mwishoni kwa ufupi. Nilimwona Sprague ni mtu wa maana sana. Jioni ile tukila nyama ya kondoo nikamwambia Tegan hivyo hivyo.

"Kabidhi, mwanangu. Maji ni safi. Kondoo hawaulizi kwa nini."

"Tasnifu inasema mkaa, Baba."

"Basi andika mkaa na pipa."

"Niandike uongo kidogo? Mtu atakayenunua kwa wale jamaa atakuwa anabadilisha mkaa kila mwaka mpaka afe, na mkaa haufanyi kitu. Mimi ndiye nitakayekuwa nimemwambia."

"Nani atasoma tasnifu yako? Mama yako mwenyewe aliishia ukurasa wa pili."

Mama yake akasema wa tatu. Tegan akacheka, kisha akaacha kula.

Asubuhi alimpigia yule mkubwa wa kampuni akiwa amesimama karakanani, sauti nje, mimi nasikia. Akamweleza yote bila kupunguza. Jamaa akauliza nani mwingine anajua.

"Wewe," Tegan akasema. "Na wiki ijayo kila mtu."

Nimewahi kuona wanaume wakubwa, wenye mikono kama koleo, wakificha ufa kwenye chuma kwa kupaka rangi. Binti yangu alikuwa na miaka ishirini na tatu, na ufa wake hakuna ambaye angeuona. Nilishika nyundo ili nionekane nina kazi.

Kisha akaiweka kando tasnifu yake, akaanza upya. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ilimlazimu kusoma yote mawili. Mhandisi mtupu angefurahi kuona maji safi akaondoka. Mwanasayansi mtupu angeandika kwamba mkaa haufai, naye akaondoka. Tegan alibaki. Alitaka kujua maji yadondoke kutoka juu kiasi gani, matundu yawe na upana gani, maji yatulie muda gani kabla ya kufunguliwa. Nilikata mabomba mpaka vidole vikavimba. Anapima, anaandika, ananiambia nikate tena, na mimi ambaye sijawahi kumtii mtu karakanani kwangu nilikata. Kilichotoka ni pipa, bomba lenye matundu na kigingi cha kulisimamisha. Clarrie alijitengenezea lake kwa mikono yake, na majirani wakamwiga. Kitu ambacho kila mtu anaweza kujitengenezea, hakuna kampuni itakayokihangaikia.

Gharama yake ni hii. Kazi ya Januari alipewa kijana mwingine wa darasa lake. Wenzake walivaa majoho Desemba wakaondoka, yeye akabaki nusu mwaka zaidi. Ufadhili wake ulikuwa wa miaka mitano tu, kwa hiyo akauza gari lake na kupanga mizigo dukani usiku. Kampuni ile haikupiga simu tena, na nyingine mbili alizoziomba ziliuliza kwa nini alichelewa kumaliza, akawaambia ukweli, hazikujibu. Alipopewa shahada zake zote mbili, ukumbini tulikuwepo watu wawili kwa ajili yake, mimi na mama yake, na kazi alikuwa hana.