Kilele cha Jumatatu

Wanafunzi walimbandika jina la Mama Chembe, maana mazungumzo yake yote yaliishia kwenye kiini cha atomu. Wakati huo alikuwa mhadhiri mchanga, na jina lilikuwa halijavuma. Basi alipoona kwenye grafu ya vipimo vyake vya mionzi kilele kilichozidi hesabu zote za vitabuni, aliruka kama mtoto. Makala akaiandika chapuchapu. Mkuu wa idara akaisoma, akampa hongera. Ikabaki kuituma tu.

Asubuhi ya kuituma, fundi wa maabara, mzee mpole aliyetunza vigunduzi vya mionzi miaka ishirini, akapiga hodi.

"Mwanangu, usinichukie."

"Kuna nini, mzee wangu?"

"Kilele chako Jumatatu ni kirefu, Ijumaa kimenywea. Mwisho wa wiki chumba hufungwa. Isije ikawa ni radoni tu, ile gesi ya mionzi inayopenya kutoka ardhini na kujaa chumba kikifungwa."

Damu ilimchemka. Mtu wa kukaza nati amfundishe yeye fizikia! Hata hivyo akainuka, akamfuata maabara. Wakafungua madirisha, wakawasha feni, wakapima siku mbili mfululizo. Kilele kikanywea, kikaisha kabisa.

Nyumbani alilia hadi kwikwi. Mumewe akamsogezea kitambaa. "Heri kujikwaa dole kuliko ulimi, mama watoto. Je, kama ungekuwa umeshatangaza?"

Makala akaichana. Kisha akamfuata fundi, wakaanza kupima gesi hiyo, ambayo huleta saratani ya mapafu, madarasani na kwenye nyumba za watu. Utafiti huo ndio uliomjengea jina. Kwenye makala yao, jina la fundi aliliweka la kwanza. Waliocheka wakacheka mpaka wakachoka.

Miaka kumi na minne baadaye aliteuliwa kuongoza utafiti wa chuo kizima. Barua ikiwa bado mkononi, alishuka ghorofa ya chini. Fundi alikuwa akimimina nitrojeni baridi ya kupoza kigunduzi, miwani juu ya paji la uso.

"Nimekuja kukushukuru, mzee."

"Mimi? Wewe ndiye uliyesikia. Aliyekutangulia chumba kile nilimwambia waya wake umelegea, akanifukuza kama kuku."

"Akaishia wapi?"

"Hata sijui! Sijamsikia tena."

Walicheka mpaka machozi. Simu ya Mama Chembe ikaita. Juu walikuwa wakimsubiri kikaoni. Aliizima, akavuta kigoda, akaomba chai.