Sindano Ikirudi Katikati

Hata shikamoo sikumpa. Nilifika kibandani kwake nimelowa jasho, nimeisukuma pikipiki mitaa mitatu juani, nikaisimamisha karibu mno na meza yake. Gurudumu la mbele liligonga mguu wa meza, na saa zote zilizolazwa juu yake zikatikisika. Fundi saa alikuwa na kile kioo chake jichoni. Alikitoa taratibu, akakiweka kwenye kifuniko cha chupa, akanitazama.

"Umeniuzia mzoga," nikamwambia.

Nilisema kwa sauti ya darasani, ile ninayoitumia kufikia dawati la nyuma kabisa. Kwa kinyozi wa jirani mkasi ulinyamaza. Mama mmoja aliyekuwa ameleta saa ya ukutani iliyofungwa kwa gazeti aliikumbatia vizuri zaidi. Imepita miaka kumi na tisa, na nikiikumbuka sauti ile masikio bado yananiwaka moto, hata nikiwa peke yangu chumbani.

Pikipiki yenyewe niliitamani tangu nilipohamia mtaa ule. Ilikuwa ya mtindo wa kizamani, silinda moja tu, tangi jeusi lenye mstari wa dhahabu uliochorwa kwa mkono, taa ya mviringo, na kiti cha ngozi kilichokalia springi mbili. Haikupiga kelele kama hizi za sasa. Ilidunda, du, du, du, kama mtu anayetwanga bila haraka. Fundi saa alikwenda nayo kazini miaka yote, mpaka goti lake la kulia lilipomgomea kupiga kiki. Ndipo akaamua kuiuza, na mimi nikawa wa kwanza mlangoni kwake.

Siku ya kuichukua nilikwenda na mke wangu. Mzee alikuwa amemwomba kijana wa jirani amwashie mapema ili tuikute ina moto, kisha akapanga viti vitatu barazani. Alitaka tukae atueleze tabia zake.

"Naijua, mzee," nikasema nikiwa nimesimama. "Mimi nafundisha fizikia."

Akanionesha kisaa kidogo juu ya taa, maandishi yake yamefutika kwa jua. "Kabla hujapiga kiki, mtazame huyu kwanza," akasema. Sindano ya kisaa kile aliitaja kama mtu. Nikamjibu kwamba hilo nalo nalijua. Nilipokwisha kupanda akanishika shati. "Mwalimu, dakika tano tu." Nikatazama saa yangu, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeitengeneza, nikasema tumechelewa. Mke wangu aliniambia nimsikilize. Nikamjibu kwamba vitu vingine vinajieleza vyenyewe.

Havikujieleza. Kwa siku tisa nilipiga kiki mpaka majirani wakaacha kunihurumia wakaanza kuhesabu kwa sauti. Mara nyingine iliwaka kwa bahati, mara nyingine kiki ilinirudi kwenye ugoko nikaruka mguu mmoja uani huku watoto wangu wakikimbilia ndani kwenda kucheka. Na kile kisaa kilinichanganya. Nilijaza tangi mpaka pomoni, sindano ikasimama katikati. Nikiwasha swichi inaanguka kushoto, nikisukuma kiki inarudi. Basi nikahitimisha, kwa elimu yangu yote, kwamba ile ni geji ya mafuta na mzee ameichezea. Siku ya kumi pikipiki ikakataa kabisa, nikaanza kuisukuma.

"Hata geji ya mafuta umeichezea," nikaendelea pale kibandani. "Nimejaza tangi, yenyewe inasema nusu."

Mzee aliinuka kwa kushika meza. Alikuja mpaka karibu yangu, akainama kama anayekagua tangi, akasema kwa sauti ndogo ambayo kinyozi asingeweza kuisikia: "Mwalimu, hii si geji ya mafuta. Hii ni ammita."

Kabatini shuleni nilikuwa na ammita sita kwenye boksi la mbao. Kila mwaka niliwaeleza wanafunzi kwamba ammita haipimi kilichomo tangini wala mtungini, inapima umeme unaopita. Nilikuwa na mzaha wangu maalumu kwa somo hilo.

Mzee akawasha swichi, sindano ikaanguka kushoto. Akaikanyaga kiki polepole, kwa mguu ule ule mbovu, macho kwenye sindano, mpaka ikarudi katikati. "Hapo pistoni imefika juu," akanong'ona. Akabana kikono kidogo kwenye usukani, cha kuachia hewa ya silinda, akasogeza kiki kidogo sana, akaachia, kisha akashusha mguu mara moja bila nguvu. Du, du, du.

Watu walikuwa wameshajaa. Mzee alirudi kwenye kiti chake akilishika goti, akawageukia kinyozi na yule mama, akasema kwa sauti ya kusikika: "Kosa ni langu. Nilimpa chombo sikumwelekeza."

Nilijua anachofanya. Alikuwa ananifunika nguo mbele za watu, na alichonibakizia mimi ni sentensi moja tu: hapana, mzee, ulinielekeza. Kinywa changu kilifunguka, kikatoa kingine.

"Basi, mzee. Yameisha."

Nilimsamehe. Nikapanda, nikaondoka. Nikiwa kwenye kona nilimwona yule mama anavuka barabara na saa yake kifuani, haijatengenezwa.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anakunja nguo, nikamwambia fundi amekiri.

"Amekiri nini?" akauliza. "Mimi nilikuwepo. Alikwambia mara tatu, mara ya tatu akakushika shati." Akamaliza kukunja shuka, akalipangusa kwa kiganja. "Siipandi tena hiyo pikipiki mpaka ukayaseme palepale ulipoyasemea."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Akatembea kwenda kazini wiki tano, dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi. Kila asubuhi nilimpita njiani nikiwa nimekalia springi zangu mbili. Nikipunguza mwendo, alinisalimia kwa adabu kama jirani, akaendelea na safari yake.

Na kila nilipopita kibandani, mzee aliinua kichwa. Aliisikia kabla hajaiona, akaifuata kwa macho mpaka kona. Mimi nilitazama mbele. Lakini niliiona ile meza, na saa zilizokuwa juu yake zilizidi kupungua.

Siku moja nilikuwa kwa kinyozi, taulo shingoni, wembe chini ya kidevu. "Ulimbana vizuri yule mzee," kinyozi akasema. "Nawaambia watu, ukichukua kitu kwake uliza mara mbili."

Nikasema, "Mm." Ningeweza kusingizia wembe. Nimejaribu, hainisaidii.

Jumamosi iliyofuata niliitoa pikipiki uani bila kuiwasha. Sikuona nina haki ya kufika pale nimeipanda. Mke wangu aliniona naisukuma, akavaa viatu, akaja nyuma yangu bila kuuliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu."

Nikageukia kwa kinyozi, ambako watu wanne walikuwa wanasubiri zamu, nikaitoa ile sauti ya darasani. Nilisema fundi alinieleza mara tatu nami sikutaka kusikia. Nilisema ammita niliiita geji ya mafuta. Kinyozi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. "Mwalimu wa fizikia," akasema, "watoto wetu wamekwisha." Wote wakacheka, nami nikasimama nikachekwa.

Mzee hakucheka.

"Nakaa kwenye meza hii mwaka wa thelathini na moja," akaniambia, taratibu. "Sijawahi kumdanganya mteja. Siku ile niliwadanganya kwa ajili yako. Nilijua utanikanusha, nikakusubiri."

"Nisamehe, mzee."

"Nimekusikia," akasema.

Hakusema yameisha. Alirudisha kioo jichoni, akashika koleo yake ndogo, akainamia saa ya mkononi iliyokuwa wazi mbele yake.

Mke wangu alipanda nyuma yangu, akaweka mkoba wake katikati yetu. Niliwasha swichi, nikakanyaga kiki polepole mpaka sindano ikarudi katikati, nikabana kikono, nikasogeza kidogo, nikaachia. Iliwaka kwa kiki moja. Sikuondoka. Niliiacha idunde pale mbele ya kibanda, nikimtazama kama atainua kichwa.

Mke wangu akanigusa bega.

"Twende," akasema. "Mzee ana kazi."