Pumzi ya Kipande cha Arobaini na Moja

Jumatatu saa tatu asubuhi fundi wa printa alifungua tanuri, akatoa kipande cha arobaini na moja kwa koleo, akakiweka kwenye mizani. Kilikuwa na ukubwa wa mche wa sabuni na uzito wa karibu sifuri. Namba ikapanda kidogo, ikashuka, ikapanda tena. Fundi aliipiga mizani kofi, kama watu wapigavyo redio mbovu, kisha akainama kutazama. Kipande kilikuwa kinapumua.

Alichukua saa akahesabu. Mara kumi na nne kwa dakika, na baada ya kila pumzi ya tatu palikuwa na kituo kifupi, kama mtu aliyekumbuka jambo akaamua kutolisema. Kituo hicho alikijua vizuri. Utotoni alilala chumba kimoja na mdogo wake, mwenye kituo hicho hicho, kwa miaka kumi na miwili.

Mdogo wake huyo wa kike ndiye aliyekuwa akikoroga wino wa printa ile, na kazi hiyo alitafutiwa na yeye mwenyewe fundi. Wino ulitokana na unga mweusi wa grafini, kaboni ya penseli iliyochambuliwa ikawa nyepesi kiasi cha kuelea hewani. Printa iliupanga tabaka juu ya tabaka, vijumba ndani ya vijumba. Mkuu wa maabara aliviita vipande hivyo metamateriali, na wageni wakiuliza, alieleza kuwa tabia yake haitoki kwenye kilichoviunda, inatoka kwenye namna kilivyopangwa. Aliipenda mno sentensi hiyo. Aliisema hata siku ya kumuaga mfagiaji.

Shida ilikuwa feni. Juu ya meza ya kukorogea, kando ya printa, palikuwa na feni ya kuvuta vumbi, na ikiwashwa, upepo wake uliinamisha kuta za vijumba kabla hazijakauka, kazi nzima ikaenda mrama. Fundi ndiye aliyegundua kwamba ikizimwa, kuta husimama wima. Alipigiwa makofi mbele ya watu, akavimba kichwa kwa wiki nzima. Tangu hapo feni ilizimwa kila printa ilipofanya kazi, na printa ilifanya kazi kutwa. Kwenye daftari la ukaguzi aliandika "nzima". Kweli ilikuwa nzima.

"Kaka, kifua kinabana," mdogo wake alimwambia mwaka wa kwanza.

"Vumilia kidogo, mdogo wangu. Tukimaliza hii oda nitaongea na bosi."

Oda hazikwisha. Mwaka wa tatu mdogo wake alishindwa kupanda ngazi, akarudishwa nyumbani na cheti cha shukrani. Sasa alishinda kwenye kiti karibu na dirisha, akivuta hewa kama anayeichota kwa kijiko cha chai. Kipande cha arobaini na moja kilitokana na mtungi wa mwisho alioukoroga.

Mkuu wa maabara alikuja, akakifunika kipande kwa mfuko wa nailoni. Mfuko ukaingia ukungu. "Safi sana," alisema. "Andika: tabia ya ziada."

Jioni fundi alimweleza mdogo wake.

"Kumbe pumzi zangu ziko huko," alisema mdogo wake. "Mimi nazitafuta humu ndani mpaka nachoka. Na vile vingine arobaini?"

"Vilishauzwa. Hakuna aliyevipima mara mbili."

Alhamisi akampeleka maabara. Ngazi walizipanda kwa kusimama mara saba. Aliketi, akaweka kiganja juu ya kipande, na kifua chake kikaanza kukifuata. Kwa dakika ishirini alipumua kama zamani. "Afadhali hiki," alimtania kaka yake. "Wewe ungekuwa umeshaanza kukoroma."

Fundi akamgeukia mkuu. "Bosi, tunaomba akae nacho nyumbani."

"Fundi, hii ni mali ya maabara," mkuu alisema kwa huruma ya kweli. "Lakini aje kila Alhamisi. Mlango uko wazi."

Mdogo wake alishukuru. Mkuu hakuondoka, alisimama akimtazama fundi, kama anayengoja neno jingine. Neno lilikuwepo, lilikuwa la feni. Fundi akashukuru na yeye.

Wiki iliyofuata alikuja mkorogaji mpya, mama wa makamo aliyekuwa na mazoea ya kuimba puani akiwa kazini. Alitazama juu. "Fundi, hii feni mbona kimya?"

Fundi akaiwasha. Kwenye printa, safu ya kwanza ya kuta ikainama upande mmoja, na oda ilikuwa ya Ijumaa. Alisimama na kidole kwenye swichi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akaizima.

"Vumilia kidogo, mama."

Kipande cha arobaini na mbili kilitoka tanurini Alhamisi. Mdogo wake alikuwa ameshaketi, kiganja juu ya kile cha arobaini na moja. Fundi akakiweka kipya kwenye mizani. Kikavuta pumzi, kikaanza kuimba puani, polepole. Kwenye meza ya kukorogea, yule mama akakohoa.

Mdogo wake alisikiliza wimbo mpaka ukafika mwisho. "Huyu naye ni nani, kaka?"

Fundi alifungua daftari la ukaguzi. Kwenye safu ya feni akaandika "nzima", akaweka tarehe.