Kundi la Tumbo Moja

Muuza simu aliapa kwa macho makavu kwamba simu ile ameifuta yote, haina hata kumbukumbu ya kuzaliwa kwake. Fundi cherehani alimwamini kwa sababu hakuwa na namna. Simu yake ya zamani ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya kulowekea vitambaa. Mjane huyu wa makamo akarudi kibandani kwake, akaketi nyuma ya cherehani, akafungua sehemu ya picha aone kama kamera ni nzima.

Mwanamume asiye na shati akamkodolea macho. Alikuwa amesimama mbele ya kioo cha chooni, tumbo amelivuta ndani mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Fundi akatelezesha kidole. Tumbo lile lile. Picha kumi na moja, na hakuna hata moja ambamo tumbo lilikubali kuingia.

Hapo mtu mwenye adabu angefunga. Fundi akaingia kwenye daftari la simu. Akakuta orodha yenye kichwa "Sababu nilizokwisha kutumia". Malaria: dada mkubwa, mara tatu. Gari kuharibika: shangazi, mara mbili (angalizo: sina gari). Mkutano wa wakubwa: mama, hesabu imenipotea. Fundi akacheka mpaka sindano ikamchoma.

Alipoomba intaneti ya saluni ya jirani, simu ikaanza kulia kama kifaranga. Yule bwana alikuwa ameuza simu bila kujitoa kwenye ujumbe wake, na kundi lao la ndugu wanne, lililoitwa Tumbo Moja, lilikuwa linawaka moto. Mama yao alikuwa afanyiwe upasuaji wa jicho Alhamisi, katika hospitali ya mji huu huu, na hakukuwa na wa kumpokea. Dada mkubwa anauguza mguu. Wa pili ana kichanga ndani. Kitinda mimba yuko masomoni, ng'ambo. Aliyebaki ni kaka mwenye tumbo, na kaka kimya.

Kwa siku tatu fundi aliyafuata mazungumzo yale kama mchezo wa redio. Siku ya nne dada mkubwa akaandika: "Kaka, unatusoma na kunyamaza. Alama za buluu tunaziona. Umekuwa jiwe?"

Fundi akapatwa na aibu hadi masikioni. Alama zile zilikuwa zake. Yule bwana alikuwa ametupa laini na kukimbia zake. Aliyemgeuza jiwe ni yeye. Akataka kuizima simu, lakini dada mtu akaweka sauti ya mama: "Wanangu, msigombane. Hili jicho moja linanitosha kuwaona nyote."

Vidole vya fundi vikaandika vyenyewe: "Nitampokea mama Alhamisi, saa mbili asubuhi, stendi." Vikatuma.

"Umefanya nini?" msusi wa pale jirani akamuuliza, alipomwona amekaa kama aliyemeza kifungo.

"Nimeahidi kumleta mtoto wa mtu."

"Utampata wapi?"

Kwenye picha ya saba. Bwana yule alivua shati lakini alisahau kuvua kitambulisho cha kazi, nacho kikaning'inia juu ya kitovu. Fundi akaikuza picha: karani wa masjala, ofisi ya ramani. Jumanne asubuhi akafunga kibanda.

Alimkuta kati ya mafaili, akiwa amevaa shati, shukuru Mungu. Akaiweka simu mezani.

Karani akabadilika rangi. "Mama, umefungua vitu vyangu?"

"Vyote. Hata vya chooni."

"Huo ni uhalifu!"

"Ni kweli, na nimekukosea. Kanishtaki Ijumaa. Alhamisi unampokea mama yako."

Karani akasoma ule ujumbe, akaketi juu ya rundo la faili. "Wewe hujui. Nyumbani wanajua mimi ni mkurugenzi. Nina dereva. Naishi nyumba ya ghorofa."

"Na ukweli?"

"Nina chumba kimoja. Ghorofa anayo mwenye nyumba." Akafuta jasho. "Kila nikipiga simu wananiuliza habari za dereva. Mpaka nikamchukia, na hata hayupo."

Fundi alitaka kumgombeza, ila huruma ikamtangulia. "Basi kaka, mama haoni vizuri. Nafasi nzuri kuliko hii ya kumleta chumbani kwako hutaipata."

Karani hakucheka. Wala hakuahidi kitu.

Alhamisi fundi alifika stendi saa moja, moyo juu, tayari kumpokea mama wa watu na kutunga maelezo njiani. Saa mbili kasoro akamwona karani, amechomekea, anaukodolea macho mlango wa basi kama mtu anayesubiri hukumu. Mama akashuka taratibu. Akampapasa mwanawe uso, akashuka mabegani, akafika tumboni.

"Umenenepa. Ndiyo ukurugenzi huo?"

"Mama, mimi si mkurugenzi. Ni karani." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, abiria wote wakageuka.

"Na dereva?"

"Hayupo. Hajawahi kuwepo."

Mama akamsukumia begi. "Basi beba begi."

Fundi alikuwa anajiondoa kimyakimya, karani akamwita. "Mama, huyu ndiye aliyeandika kundini kwa jina langu. Tusameheane."

"Nilijua si wewe," mama akasema. "Toka lini ukajibu bila kuwa na mkutano?"

"Shikamoo, mama," fundi akasema, amejikunyata. "Ulijua, na bado ukapanda basi?"

"Marahaba. Wanangu watatu walikuwa wanajadiliana, mwanangu. Wewe ulisema utanipokea."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji ilipotolewa, mama alikitazama chumba cha mwanawe, ukuta hadi ukuta, akasema kumbe si kwamba jicho lilikuwa linamdanganya. Chumba chenyewe ndicho kidogo. Akakaa wiki tatu.

Katika wiki hizo karani alikuja kibandani kujifuta kwenye simu. Alifuta picha, orodha, kila kitu, huku fundi akimsimamia. Akabakiza kundi kwa mwisho. Akaandika namba yake mpya, akatuma.

Lawama zikaingia kabla hajaiweka simu chini, nyingine za mwaka juzi. Akavuta kigoda, akaanza kujibu za dada mkubwa.