Jongoo Kwenye Mstari

Chekechea ile ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kengele ya kurudi darasani ikilia, kila mtoto amshike mwenzake mkono, wajipange wawili wawili. Watoto walikuwa kumi na tisa. Basi piga hesabu mwenyewe ujue kwamba mmoja lazima abaki.

Alibaki Mgeni. Ndivyo walivyomwita, japo alihamia pale muhula uliopita. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa na miezi mitatu, na hata koleo la plastiki la kuchezea mchanga hajapewa.

Kwa hiyo wakati wa kucheza alikwenda nyuma ya tangi la maji, mahali palipovuja, majani yakaoza na udongo ukawa laini. Hapo aliishi jongoo. Mgeni alimwekea ganda la ndizi, akamsimulia habari za nyumbani, na jongoo, pamoja na miguu yote ile, hakumkimbia hata siku moja. Upweke wa mtoto wa miaka mitano haupungui kwa sababu mwenyewe ni mdogo. Wakubwa tunajidanganya tu.

Siku moja kengele ilipolia alimchukua, akafunga ngumi, akasimama mwisho wa mstari.

"Haya, kila mtu ana mwenzake?" mwalimu akauliza kama kawaida yake.

"Ndiyo, mwalimu!" Safari hii na Mgeni aliitikia.

"Na wewe? Wako yuko wapi?"

Akafungua ngumi. Kelele zilizopigwa hapo, ungedhani kaingia chui. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa wadudu kuliko watoto wenyewe. Akamkokota jongoo kwa kijiti, akamrusha nje ya ua pamoja na hicho kijiti. Mtupa jongoo hutupa na mti wake.

"Kanawe, mama. Kwa sabuni."

Alinawa mara tatu. Lakini jongoo akiogopa huacha rangi, na doa la kahawia liliganda kiganjani pamoja na harufu yake. Mwalimu alimwongoza darasani kwa kumshika ukosi wa sare.

Mgeni hakulia pale. Alilia nyumbani, ndani ya kabati la nguo, mama yake asije akauliza.

Siku iliyofuata mtoto mmoja aliugua, wakawa kumi na wanane. Mwenzake wa mgonjwa, msichana mwenye sweta nene, alimtazama Mgeni kama mtu aliyeitwa kuchomwa sindano.

"Mshike mkono," mwalimu akasema.

"Mwalimu, mkono wake una jongoo."

"Hauna. Mshike."

Msichana akavuta mkono wa sweta mpaka ukafunika vidole vyote, ndipo akautoa. Mgeni akaukamata. Sufu ilikuwa nene, lakini joto lilipenya, akavibonyeza vidole kimoja kimoja na vyote vitano vilikuwamo. Wakapita bembea, wakapita bomba. Mlangoni mstari ukavunjika, kila mtu akakimbilia kiti chake.

"Niachie," msichana akasema. "Tumeshafika."

Mgeni aliona kwamba wamefika. Akaendelea kushika.